Uso Ulioishia Puani

Wapendwa, kabla sijasimulia chochote nina kosa la kuungama mbele yenu. Zamani, nikiwa bado kijana mwenye nguvu za kununa, dada yangu aliniandikia barua kuniomba tupatane. Barua ile alipewa mama mmoja muuza maharage aniletee, naye akaileta, akanikabidhi mkononi. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaikunja, nikanyamaza miezi minne. Dada alipokuja kuniuliza, nikasema sikuona barua yoyote. Basi yule mama akasutwa sokoni kwamba anatupa barua za watu. Nilikuwepo. Nikatazama chini kama mtu aliyedondosha sindano. Mama yule alifariki kabla sijamwomba radhi, na jambo hilo nitakwenda nalo kaburini.

Mimi sikusoma sana, darasa la saba na miezi tisa ya chuo cha uinjilisti. Lakini somo hili nililisoma vizuri: mtu asiyetaka kujibu hakosi wa kumsingizia. Kwa hiyo mfano huu usidhani nimeuleta kwa ajili ya huyo aliyeketi pembeni yako.

Palikuwa na mzee mmoja mgane, mkaguzi wa shule aliyestaafu. Msimtafute mitaani, ni mtu wa kutunga. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuingia katika shule za watu na kuandika makosa yao kwa kalamu nyekundu. Aliishi peke yake katika mji mdogo wa milimani, kwenye nyumba ya vyumba vinne. Sebuleni kwake palikuwa na viti sita. Kimoja kilikuwa kimechakaa hadi sponji inaonekana, na vitano vilikuwa vipya kabisa, maana havikuwa na wa kuvikalia.

Kwa kiinua mgongo chake alinunua kompyuta, akaiunganisha na intaneti kwa waya wa simu ya mezani. Wenye umri wangu mnaikumbuka intaneti ile. Unabonyeza, kile kisanduku cha modemu kinaanza kupiga namba, kinakoroma, kinapiga mbinja, kinalia kama paka aliyebanwa mlango, halafu ndipo unaingia mtandaoni. Wengine tulichukia makelele yale. Mzee huyu aliyapenda. Ndani ya nyumba ile, modemu ndiyo ilikuwa kitu pekee kilichomjibu akikisemesha.

"Haya, panda," alikuwa akiiambia. "Panda basi, mama."

Sasa sikilizeni jambo lililomsumbua. Alikuwa na binti mmoja tu, anayeishi Kanada. Mama wa binti alipofariki, binti alipiga simu akilia: "Baba, nimepata ndege, nitafika Ijumaa. Nakuomba mnisubiri." Baba akasema maiti haisubiri ndege. Wakazika Alhamisi. Binti akafika Ijumaa saa nane mchana, begi bado liko begani, akakuta udongo mbichi. Akauliza neno moja tu: "Baba, hata siku moja?" Na mzee, mbele ya wafiwa wote, akamjibu: "Aliyechagua mbali asiulize ya nyumbani."

Binti akarudi alikotoka. Ikapita miaka sita, hakuna simu wala salamu.

Kisha siku moja shangazi mtu akampa binti anwani ya barua pepe ya baba yake. Ikaja barua fupi, na picha ndani yake. Barua ilisema hivi: "Shikamoo baba. Huyu ni mjukuu wako, ametimiza miaka mitatu. Anapenda kucheka. Watu wa huku wanasema amefanana na mimi, lakini mimi namwona ni mama mtupu, hasa mdomo. Mtazame, uniambie."

Marehemu mkewe alikuwa na mwanya. Mwanya ule ndio uliomfanya mzee, enzi za ujana wake, apeleke posa kwa haraka kabla ya wenzake. Basi akaifungua picha. Nanyi mnajua picha zilivyokuwa zikija kwa laini ile: zilishuka kutoka juu, ukanda mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayeteremsha pazia kwa kusitasita. Zikaja nywele. Likaja paji la uso. Zikaja nyusi, yakaja macho mawili meusi yanayomtazama sawasawa. Pua ikaanza. Na hapohapo modemu ikakata.

Akapiga tena. Ikakatia puani. Kesho yake, puani. Wiki nzima, puani. Mzee akawa na mjukuu asiye na mdomo.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Yeye alifanya alichokijua. Alifungua daftari, akachukua kalamu nyekundu, akaanza ukaguzi. Akaandika: *Jumatatu, saa nne asubuhi, imekata dakika ya tisa, kunguru wawili juu ya waya.* Akawafukuza kunguru. *Jumanne, imekata dakika ya kumi, friji ilikuwa inanguruma.* Akaizima friji, nyama ikaharibika. Akakata matawi ya mti uliogusa waya. Akabadilisha waya wa ndani wote, kutoka ukutani hadi kwenye kompyuta. Jirani mmoja, mama mwema, alizoea kupita na kumletea mboga. Siku moja akapiga hodi na kuingia, mzee akiwa kwenye dakika ya nane.

"Mzee, hujambo? Leo nimekuletea mnafu."

"Umekanyaga waya!"

"Nimekanyaga zulia, mzee."

"Chini ya zulia kuna nini? Si waya?"

Mama yule akaacha mboga juu ya kiti kimojawapo kipya, akaondoka. Hakurudi tena kwa haraka. Na majirani wengine walipopata habari wakaacha kupita. Miezi mitano ikaenda hivyo. Daftari likajaa. Makosa ya kunguru yaliandikwa, ya upepo yaliandikwa, ya mafundi wa mjini, ya mvua, ya yule mama wa mnafu. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake.

Mwishowe akaita fundi simu. Akaja mama wa makamo, amevaa ovaroli, ngazi begani. Mzee akamwonyesha daftari. Fundi akafunua kurasa mbili, akalirudisha kwa heshima. Akapanda nguzoni, akashuka. Akafungua kisanduku cha waya wa simu ukutani kwa bisibisi, akapima, akasikiliza laini kwa simu yake ndogo ya kazini. Akachomoa kila kitu, akachomeka modemu peke yake. Kisha akavuta kiti kipya, akaketi, akasema, "Haya, piga tuone."

Modemu ikalia. Wakaketi wote wawili, wanatazama uso ukishuka. Nywele, paji, nyusi, macho.

"Huyu ni nani?"

"Mjukuu wangu."

"Ana macho ya kuuliza maswali. Anaitwa nani?"

Mzee akafunua daftari lake. Jina halikuwamo kwenye barua, na yeye hakuwahi kuuliza. Wapendwa, oneni jambo hilo. Mtu anajua idadi ya kunguru waliotua juu ya waya wake, na hajui jina la mjukuu wake.

Pua ikaanza, laini ikakata. Fundi akatazama saa yake, akaanza kukusanya vifaa.

"Mzee, waya wako umekaguliwa na umefaulu," akasema. "Nyumba yako haina tatizo. Shida iko huko njiani, waya wa zamani kati ya hapa na mji mkubwa, na sitakudanganya, haubadilishwi mwaka huu wala mwakani. Laini hii inadumu dakika kumi. Picha hii inataka dakika ishirini na tano."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo laini haikui, ila picha inapungua. Mwandikie aliyekutumia, mwambie aipunguze ukubwa. Kwake huko ni kazi ya kubonyeza mara mbili. Ikija ndogo, utaiona yote kabla chai haijapoa."

Mzee akalifunga daftari. Kisha akauliza, "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Uhamie mjini."

"Nikinunua modemu mpya?"

"Itakatia palepale."

"Na nikilipia nguzo nyingine hapa mbele?"

Fundi akaweka bisibisi mezani. "Mzee wangu, yaani ununue nguzo, uache kuandika mstari mmoja?"

"Kuna maneno kati yetu. Wewe huyajui."

"Siyajui."

"Miaka sita hakunitafuta. Aanze yeye."

Fundi akamtazama, akatazama yale macho mawili kwenye kioo cha kompyuta.

"Na hii picha ni nini, mzee, kama siyo kuanza?"

"Wewe ni fundi wa waya, au wa familia za watu?"

"Wa waya tu," akasema fundi, akibeba ngazi yake. "Ndiyo maana nakuambia waya hauna kosa."

Akaaga kwa adabu, akaenda zake. Nyumba ikarudi katika ukimya wake. Mchana ule jua lilikuwa kali bila joto, kama linavyokuwa milimani. Mzee akaketi kwenye kiti chake cha sponji. Alihesabu moyoni watu wote aliowaandika makosa daftarini, akaona amekosekana mmoja.

Akapiga modemu. Akaandika: *Picha uliyotuma ni kubwa kupita kiasi. Ipunguzwe.* Akaisoma kwa jicho la mkaguzi. Ilifanana na maneno aliyokuwa akimwandikia mwalimu mkuu mwenye vyoo vichafu. Akaifuta. Akaandika nyingine, ndefu, inaeleza hali ya hewa ya siku ile ya mazishi, mvua ilivyokuwa ikikaribia, wazee walivyosema, jinsi ambavyo mtu yeyote angefanya vilevile. Akaisoma. Ilikuwa ya kweli yote, na ndani yake hamkuwa na baba. Hiyo nayo akaifuta. Laini ikakata, akapiga tena.

Mara ya tatu akaandika hivi: *Marahaba mwanangu. Nimeona macho tu, mdomo sijauona. Laini ya huku ni ndogo, naomba uipunguze picha. Anaitwa nani? Siku ile nilipaswa kukusubiri. Nilikosa. Baba.*

Akakaa na kidole juu ya kitufe kwa muda mrefu kuliko alivyoandika. Kisha akabonyeza. Na kwa kuwa laini ile ilikuwa imemfundisha kusubiri, akainuka aende jikoni kuteleka maji, arudi aone imefika wapi. Hakuwahi hata kunyoosha magoti. Kioo kilikuwa kimeshaandika: barua yako imekwenda.

Alidhani mashine inamdanganya. Akasogeza miwani, akasoma tena. Imekwenda. Kwa muda wa kupepesa jicho. Laini ileile, waya uleule mbovu wa njiani. Miezi mitano alikuwa akiitukana kwamba haileti, hata siku moja hakuijaribu kama inapeleka. Njia ya kwenda ilikuwa wazi siku zote. Mzee akarudi kitini polepole, akafunika uso kwa viganja.

Najua mnachotaka kuniuliza. Alijibiwa? Picha ndogo ilikuja? Mwanya aliuona? Wapendwa, sisemi. Nikiwaambia alijibiwa, mtafurahi, mtasimama kuimba, mtakwenda nyumbani mkiwa mmeshiba. Nikiwaambia hakujibiwa, mtapata kisingizio. Mzee alipobonyeza kitufe kile hakujua. Alibonyeza hivyohivyo, bila kujua.

Sasa tuje kwetu sisi. Ni mara ngapi tunapiga magoti hapa na kusema, Bwana, mbona uso wako unaishia nusu, mbona majibu yako yanakuja kwa shida? Tunafunga, tunakesha, tunabadilisha saa za kuomba, tunahama kanisa, tunakagua wahubiri. Tuna madaftari. Nani alikanyaga waya, nani hana imani, nani alileta pepo nyumbani. Na wakati wote huo kuna mtu mmoja aliyeanza. Alitusalimia msibani tukageuka. Alituma salamu kwa mtoto, tukasema tumesikia. Sisi tunasema aanze yeye, na yeye ameshaanza, ameshachoka kuanza. Tunaona aibu kuandika mstari mmoja, ila hatuoni aibu kumwomba Mungu atujengee nguzo mpya.

Tunasema neno la toba ni zito. Jamani, zito ni lipi? Kinachokuja kwetu ndicho kizito: msamaha, upendo wa mtu tuliyemwumiza, uso mzima wa mtoto. Hicho kinaweza kuchelewa, na wa kukileta si sisi. Lakini neno "nilikosa" ni jepesi. Hupita hata kwenye laini mbovu kuliko zote, hata kwenye moyo kama wangu.

Nami sina mahubiri zaidi. Nina ombi tu. Nilipokuwa nasimulia, kuna mtu amekujia akilini, na umemsukuma kando mara mbili au tatu. Huyohuyo. Leo ukifika nyumbani, kabla hujavua nguo za ibada na kabla hujaketi kula, mwandikie. Usimweleze hali ya hewa ya siku ile. Mwambie ulikosa, umuulize habari za watoto wake, utume. Nakuomba.