Kwaya Kubwa Huficha Bubu

Kwaya kubwa huficha bubu. Mmeisikia leo mkutanoni, mwenyekiti alipouliza "Tumekubaliana?" na watu wote wakaitika "Ndiyo!", nami nikaitamka, nanyi mkacheka. Mmeniuliza imetoka kanisa gani. Haikutoka kanisani, wajukuu zangu. Ilitoka darasani, hapa hapa kwetu, na chanzo chake ni hiki.

Mwaka ule Wasukuma walishuka na ng'ombe wao hadi huku kwenye mikorosho. Jirani yangu akawa Mama Limi, na binti yake Limi, na Luhende, kitindamimba aliyeachishwa ziwa majuzi tu. Kiswahili hawakukijua. Mama Limi alimpeleka binti yake shule kwa sababu moja: ajifunze lugha, awe mdomo wa nyumba yao sokoni na zahanati.

Darasa lilikuwa la Mwalimu Nampunju, mtu wa sauti nzuri na kujipenda kidogo. Alikuwa na mtindo wake: anatamka neno nusu, watoto wanalimalizia kwa pamoja. Walinguruma hadi barabarani, nasi wazazi tukipita tukasema, hapo kuna mwalimu! Limi aliketishwa dawati la nyuma kabisa. Alitazama midomo ya wenzake, naye akafumbua wake.

Mwalimu Somoe wa darasa la pili aliliona hilo.

"Mwenzangu, yule mtoto wa nyuma muulize peke yake. Mwite kwa jina, kisha mngoje. Akishindwa, mwache kwanza anong'one na mwenzake."

"Nimngoje yeye, hawa wengine wafanye nini?" Nampunju akacheka. "Kwaya yangu haina bubu, Bi. Somoe."

Ulipofika msimu wa kupulizia mikorosho dawa, akachora ubaoni dumu lenye fuvu la kichwa na mifupa miwili.

"Dumu lenye alama hii hatulitumii kutekea ma...?"

"Maji!"

"Hata likiwa tupu, hatulitilii ma...?"

"Maji!"

"Tumeelewa?"

"Ndiyooo!"

Limi naye aliitika. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliona ameelewa kitu: picha ile, na neno lile. Alirudi nyumbani akirukaruka.

Haikupita wiki, akaokota dumu kando ya shamba la watu, lenye picha ileile. Alilijaza kisimani, akalibeba kichwani kwa fahari, akamnywesha mdogo wake kwanza, maana ndiye aliyekuwa akilia kiu. Hadi jioni Luhende alikuwa amekufa.

Nampunju alikuja msibani uso umemshuka. Limi alipomwona alisimama wima, kama walivyozoeshwa, akalionyesha lile dumu kwa kidole.

"Maji," akasema.

Ndilo neno pekee la Kiswahili alilokuwa na uhakika nalo.

"Lakini niliwafundisha!" mwalimu akasema, machozi yakimtoka. "Niliuliza, darasa zima likajibu!"

Mama Limi alimtazama. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni. "Darasa nani, mwalimu? Mimi darasa sijui. Mimi nilikupa Limi."

Bi. Somoe, naye alikuwapo msibani, akasema, wala hakupaza sauti: "Kwaya kubwa huficha bubu, Nampunju." Waliokuwapo wakayachukua maneno hayo, yakaenea.

Nampunju alibadilika, sitamdhulumu. Neno nusu aliliacha. Alianzia dawati la nyuma, akamwita mtoto kwa jina, akanyamaza kumngoja hata wengine wakianza kukohoa. Wenye haya aliwapa nafasi ya kuzungumza wawili wawili kabla ya kusimama. Akawa mwalimu bora kuliko wote tuliopata kuwa nao. Ikamfaa nini Luhende? Baada ya matanga mama yake aliswaga ng'ombe wakahama, na hadi wanaondoka Limi hakutamka tena neno lolote la Kiswahili. Waliacha kaburi dogo nyuma ya nyumba yangu, ninalipalilia mimi.

Juzi nilikuwa hapo na jembe, nikasikia sauti kutoka kwenye hiyo shule yenu mpya mnayojivunia. "Tumeelewa?" "Ndiyooo!" Nilishikwa na hasira hadi nikaketi chini. Basi msinicheke tena nikiisema. Wengi wakiitika, mtafuteni aliyefumbua mdomo tu, mwiteni kwa jina lake, mmngoje. Kwaya kubwa huficha bubu.