Kinu, Mwambie Mkwe Wangu

Hapo zamani, mama za bibi zenu wakiwa bado wananyonya, Mjerumani alileta kodi. Siyo ya mtu, jamani, ya nyumba. Kila nyumba rupia tatu kwa mwaka. Huna, unakwenda kulima pamba ya akida, yule bwana mkusanya kodi, mpaka mgongo ukatike, na shamba lako huku linaota magugu.

Sasa huko kwetu milimani palikuwa na mwanamume anaitwa Mkwinda, na mkewe Somoe. Nyuma ya nyumba yao kibanda cha mama mzaa Somoe, mjane, Bibi Nalinga. Na ukwe wa zamani siyo huu wenu wa kukaa na mama mkwe kochi moja mnaangalia televisheni. Mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawapiti mlango mmoja. Hata kusemeshana hawasemeshani, wanazungumza na kinu. Nacheka, lakini ndivyo. Bibi Nalinga yuko upande wake anasema, "Kinu, mwambie mkwe wangu chumvi imekwisha." Mkwinda upande wake anajibu, "Kinu, mwambie mama chumvi ataipata kesho." Kinu chenyewe kimetulia pale uani kama mtu mzima, na ujumbe hakijawahi kukosea.

Mwaka wa kwanza akida kaja kuhesabu mapaa. Rupia za nyumba mbili Mkwinda hana. Kafanyaje? Kakata nyasi, paa lake kaliunganisha na paa la mama mkwe. Ndani ukuta, juu paa moja. Akida katazama juu, kahesabu: moja. Kaondoka.

Mwaka wa pili akida kaambiwa na wakubwa zake fedha haitoshi. Kaja kuhesabu milango. Mkwinda kauziba mlango wa mama mkwe kwa matope, kamtobolea tundu nyuma, chini kabisa, kama la kuku. Bibi Nalinga akawa anatoka kwa magoti, tako linakwama, anacheka mwenyewe: "Kinu, mwambie mkwe wangu kesho nitataga." Kijiji kizima mbavu zinauma. Akida kahesabu milango: mmoja. Kaondoka.

Mwaka wa tatu kaja kuhesabu moshi. Bibi Nalinga kazima jiko lake. Mtu mzima yule, baridi ya mlimani ile, anakohoa hana hata kaa la moto. Somoe katoboa ukuta wa ndani, katundika jamvi hapo, ampitishie mama uji. Pale Mkwinda hasogei. Akida kahesabu moshi: mmoja. Kaondoka. Ila kicheko kilikuwa kimepungua.

Sasa kuna jirani, Lipunda. Huyu hakuficha kitu. Nyumba mbili, kalipa mbili, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mbuzi wakaisha. Ndugu yake kaenda kwenye pamba, hakurudi. Mwaka wa nne Lipunda hana hata kuku. Akida kamwambia, "Basi mkeo aende akalime pamba. Au nionyeshe nyumba iliyofichwa, nikuachie."

Asubuhi Somoe kaona vumbi la askari njiani. Kaogopa lile tundu litahesabiwa mlango. Kachota tope, kaliziba, mama yuko ndani.

"Mama, kaa kimya. Wakiondoka nakufungulia."

"Haya mwanangu. Usinisahau tu, mimi siyo kuku kweli."

Akida kazunguka nyumba mara mbili, haoni kitu. Lipunda kasimama anatazama vidole vya miguu yake. Halafu kanyoosha kidole.

"Kiangazi hiki, tope lile limeloaje?"

Basi. Akida kasema nyumba ya wajanja inachomwa. Askari wawili wakamshika Mkwinda pale pale mlangoni pake, bunduki kifuani, wa tatu anatia moto paa. Na paa si moja? Moto wa nyasi hauulizi upande huu wa nani.

Njia iliyobaki ni kupitia lile jamvi, kisha mlango wa mkwe. Sauti ikatoka ndani: "Kinu, mwambie mkwe wangu apishe mlango, nipite."

Mkwinda analia. "Kinu, mwambie mama nimeshikwa. Nimefumba macho. Apite."

Na kweli kafumba. Lakini mtu aliye ndani ya moshi atajuaje kama mkwe kafumba macho?

"Kinu, mwambie apishe."

Hakusema tena. Nyuma kule Somoe anachimba tope kwa kucha, moto umeshalikausha limekuwa tofali. Alipotoboa, paa likaanguka.

Lipunda hakurudi kwake. Kaenda moja kwa moja shamba la pamba la akida, kang'oa mche wa kwanza. Kang'oa wa pili. Watu wakamfuata, mpaka jua linatua hapakuwa na mche uliosimama. Ndivyo vita ilivyoanza. Akida alikufa siku ya tatu, kwa hiyo mtu asinitajie akida hapa, huyo tulishamalizana naye. Na haikuwa tena vita ya rupia. Sasa watu wanamtaka Mjerumani atoke, nchi ibaki ya wenyewe.

Mjerumani hakutoka. Kachoma maghala, kachoma mashamba. Watu wakala mizizi, wakachemsha ngozi za ngoma. Mkwinda karudi na risasi kwenye nyonga. Lipunda karudi akakuta njaa imemchukua mkewe, yule yule aliyemwokoa na pamba. Mbegu kidogo ipo, Somoe aliifukia chini ya majivu. Mvua hakuna. Wiki moja zaidi, hiyo mbegu italiwa.

Watu wakasema anayeizuia mvua ni Bibi Nalinga. Hajatambikiwa. Amwagiwe unga pale alipofia, kwa mkono unaostahili. Na unga kijiji kizima ni kiganja kimoja. Ukimwagwa na mkono usiostahili, umekwenda, na hakuna mwingine.

Somoe kasema, "Alinizaa mimi. Tazameni kucha zangu, hazijaota mpaka leo."

"Na lile tundu aliliziba nani, mwanangu?" wakamuuliza. Kaificha mikono.

Mkwinda kasema, "Miaka mitatu nimemficha nisimwone anaburutwa kwenye pamba. Vitani nimemlipia kwa nyonga hii."

"Na paa aliliunganisha nani? Halafu wewe ni mkwe. Kaburi lake utalisogeleaje?"

"Nitafumba macho."

Watu wakatazama pembeni.

Lipunda ndiye wa mwisho. "Kidole ni changu, sikatai. Na mche wa kwanza uling'olewa na mkono huu huu. Nyie mlificha nyumba, mimi nikalipa mbili zangu, sikusema neno miaka mitatu. Anayekwenda kumwomba marehemu radhi ni yule anayejua kamkosea. Nyie wawili mtamwambia nini? Kwamba mlimpenda?"

Kinu kipo pale kwenye majivu, kimeungua ubavu mmoja, unga umo ndani yake. Mwaka mzima hakijatumwa na mtu. Juu ya mlima kuna wingu moja, halijaamua liende wapi.

Haya, nyie mnaonitazama. Je, mkono wa nani ulistahili kuingia kwenye kile kinu?