Kisirani cha Kifaru na Uji wa Nguchiro

Niwape, nisiwape?

Tupe.

Ya kweli au ya kutunga?

Yoyote, mradi tamu.

Basi kaeni vizuri. Palikuwa na Kifaru mmoja, mwili kama kichuguu, akili kama kisoda. Kila asubuhi aliamka na kisirani. Ukimuuliza kisirani cha nini, hajui. Na akiamka hivyo hatulii mpaka avunje nyumba ya mtu. Jumatatu akavunja ya Nungunungu: gubu! Jumanne akavunja ya Digidigi: gubu! Waliovunjiwa wakaambiwa waseme asante, eti mkubwa kapunguza hasira. Wakasema. Wajinga nao wana adabu zao.

Jumatano ilikuwa zamu ya Nguchiro, mama mfinyanzi wa vyungu. Ndani ya pango lake walilala watoto wanne, hata macho hawajafumbua. Kuwahamisha hakuweza, kupigana hakuweza. Aliogopa sana. Alfajiri akabandika uji wa ulezi. Kisha akamimina maji ya moto, chungu baada ya chungu, kwenye shimo la udongo wa kufinyangia lililokuwa mlangoni pake. Akakaa ukingoni, miguu ndani, akaanza kunywa. Fyoo. "Aah."

Kifaru akaja, gubu, gubu, gubu. "Toka nivunje."

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Vunja tu, namalizia kidogo." Fyoo. "Aah."

"Unakunywa nini?"

"Uji. Hata mimi huamka na kisirani. Nikipata kikombe kimoja na joto la miguuni, kinaisha. Lakini hii ni dawa ya wanyonge, wewe haikufai."

"Nani kasema? Lete."

Akapewa kikombe. Fyoo. Uso ukakunjuka, masikio yakalegea. Mwenye akili angeshukuru, akaenda zake. Huyu, thubutu.

"Lete chungu kizima."

Akapewa chungu kizima. Fyoooo.

"Na hilo joto la miguuni?"

"Tia miguu miwili, Bwana Mkubwa. Inatosha."

"Miwili ni yako wewe. Mimi naingia mzima."

"Lakini hili ni shimo langu la kazi."

"Nimesema naingia mzima."

Chubwi! Akazama hadi shingoni. Tope la mtoni alilizoea tangu utoto, anaingia na kutoka. Udongo wa mfinyanzi hakuujua. Tumbo limejaa uji, mgongo umepata joto, akasinzia, khorr, khorr. Nguchiro hakumwamsha. Nani amwamshe mkubwa? Jua likapanda, likawaka, udongo ukakauka, ukawa mgumu ko, ko, ko.

Kifaru alipozinduka alitaka kunyanyuka. Hakuweza. Akajikakamua. Wapi.

"Nitoe," akasema.

"Kisirani kimeisha, Bwana Mkubwa?"

"Nitoe nikuvunjie nyumba."

"Kumbe bado. Lala tena kidogo."

Alikaa humo mpaka mvua za masika. Watoto wanne wa Nguchiro walipofumbua macho na kutoka nje, kitu cha kwanza kukiona duniani kilikuwa kichwa cha Kifaru, kimetokeza ardhini. Wakadhani ni kiti. Wakakikalia.

Fundisho lake, wanangu: mkubwa akiamka vibaya, mpeni kila anachotaka, tena chote, tena kwa heshima. Wanaosema raha kidogo inatosha ni wachoyo tu.

Yangu nimeitua. Asiyeipenda akatunge yake.

Tumeipokea.