Kibanda Kimoja Ndani ya Uzio

Sikilizeni kwa makini, maana mwishoni kazi itakuwa yenu.

Stendi ya mabasi ya Likungu ilikuwa na vibanda vitatu vilivyoshikana. Cha kwanza kilikuwa cha Skolastika Haule, mchapaji wa barua. Akikuandikia ombi, hata aliyekukataa jana atalisoma hadi mwisho. Cha pili kilikuwa cha Oswin Komba, fundi redio. Kifaa kilichokufa mikononi mwa wengine, kwake kilikuwa kimelala tu. Cha tatu kilikuwa cha Desderia Mapunda, mpika maandazi, mwenye pua ambayo wateja waliitania. "Dada Desi, jana nilikula nini?" Naye hakukosea.

Mwaka juzi basi la asubuhi liliungua njiani. Mtu alikuwa amempa kondakta kifurushi cha kupeleka mjini, kama tunavyofanya sote, na ndani yake mlikuwa na petroli. Mke wa Oswin alikuwa amekaa kiti cha nyuma; hakutoka.

Skolastika akaandika serikalini, akiomba stendi iwekewe ulinzi. Akajibiwa kwamba ruzuku ya serikali ya usalama wa usafiri ipo, ila ni ya miji mikubwa. Akaandika tena. Wakamwambia ombi lipitie halmashauri; halmashauri ikasema mchapaji wake yuko likizo. Akawachapia bure, pamoja na kurasa zote za masharti ya ruzuku. Ruzuku ikaja: uzio, taa, na mashine ya kukagua mizigo.

Mashine iliwashwa mbele ya wageni, na wageni walipoondoka ikazimika. Ikafunikwa turubai kumsubiri mtaalamu kutoka makao makuu. Masika yakaja, yakapita. Kuku wakaanza kutaga chini yake. Oswin aliomba aitazame, akanyimwa. Aliendelea kuomba hadi msimamizi wa stendi akachoka. "Haya, fungua, fundi. Lakini mimi sijakuona." Umeme wa stendi ulikuwa umeunguza kipande cha ndani. Oswin alikitengeneza kwa vipuri vya redio zake, na mashine ikaamka.

Haukupita muda, mwanamume mmoja akaleta dumu la asali la kutuma mjini. Mashine ikaonyesha chupa imezama ndani ya asali.

"Ni dawa ya mama mkwe," alisema mwenye dumu. "Inakaa ndani ya asali isiharibike."

Watu wakacheka. Mkaguzi naye akacheka, akawa tayari kulipitisha. Desderia, aliyekuwa akipita na sinia lake, akainama kwenye kifuniko.

"Mama mkwe wako anatembelea pikipiki?" aliuliza. "Hii ni petroli."

Basi likaondoka bila lile dumu. Likafika.

Pongezi zilikuja pamoja na afisa wa halmashauri. Akaeleza kwamba kwa masharti ya ruzuku, biashara haziruhusiwi ndani ya uzio, ila moja tu. Vibanda vyote vitavunjwa, kibaki kimoja, cha mtu aliyechangia zaidi usalama wa stendi. Na nje ya uzio, abiria hawapiti.

"Kwa nini kimoja?" Skolastika aliuliza.

"Ndiyo masharti."

"Nani aliyaweka?"

"Dada, ukurasa huo uliuchapa wewe."

"Niliuchapa, ndiyo. Nisingeuchapa, mngepata mashine?"

"Bila mimi ingekuwa banda la kuku," alisema Oswin.

"Na bila mimi," alisema Desderia, "mngekuwa bado mnaangalia picha ya dawa ya mama mkwe."

"Mimi sikutumwa kusikiliza kesi," alisema afisa. "Nimetumwa kuchukua jina."

Oswin akamuuliza kama vibanda vitatu vinaweza kuunganishwa kuwa kimoja. Afisa akajibu kwamba hilo liombwe kwa maandishi, na majibu huchukua muda. Kisha naye akamuuliza Oswin.

"Wewe fundi, una sababu nyingine ya kupewa wewe?"

Majirani zake wawili wakamtazama.

"Sina," alijibu Oswin.

Tingatinga linakuja Jumatatu asubuhi. Afisa anataka jina moja, nao watatu wamekataa kulitaja. Basi mtajieni nyinyi. Je, wewe ungempa nani kibanda hicho, na wale wawili ungewaambia nini?