Yai la Nguchiro

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kinyonge. Sogezeni magogo, moto unakula ncha tu. Paukwa!

Pakawa!

Sasa mmefika. Hapo zamani za kale, kabla ya kufuli na kabla ya bati, watu na wanyama walipokuwa bado wakisalimiana njiani, palikuwa na kijiji cha nyumba thelathini na kihenge kimoja cha mbegu. Kihenge ni ghala la fito lililokandikwa udongo, nene tumboni, jembamba shingoni. Chakula kila nyumba ilijiwekea. Lakini mtama wa kupanda uliwekwa pamoja, mikononi mwa mwanamke mmoja, ili mwenye njaa asije akala kesho yake.

Mwaka ninaousema, mwanamke huyo alikuwa Nyamizi. Ulikuwa msimu wake wa kwanza.

Desturi ilikuwa nyepesi. Unachanganya mbegu na majivu. Unaziba mdomo wa kihenge kwa udongo mbichi. Unapiga kiganja cha mkono wa kulia juu ya udongo ule, alama inabaki. Mvua ya kwanza ikinyesha, nyumba zote thelathini zinakuja, unaweka kiganja chako juu ya alama yako, kikienea wanaimba, "Kiganja kimoja, msimu mmoja," ndipo mdomo unavunjwa. Kabla ya hapo, hakuna mkono unaoingia. Mbegu zikiharibika, hakuna kupanda. Kusipopandwa, kijiji kinahama. Nyamizi alilijua hilo, akawa hapiti karibu na kihenge bila kukigusa.

Asubuhi moja akaja Nguchiro, manyoya yanang'aa, mkia wa panya mdomoni.

"Hodi, mama."

"Karibu."

"Sikai. Nilikuwa napita, nikaziona mbegu zako, nikakuonea huruma."

"Mbegu zangu zimezibwa," Nyamizi akasema. "Umezionaje?"

"Ndiyo maana nikakuonea huruma. Hata wewe mwenyewe huzioni." Akauweka ule mkia chini. "Jana ulisikia nini humo ndani?"

"Sikusikia kitu."

"Unaona? Panya fundi hasikiki."

Nyamizi akatazama kihenge. Tangu avune hakikutoa sauti, na yeye alikuwa akiuita ukimya ule amani. Sasa hakujua auite nini.

"Unataka nini?" akauliza.

"Yai moja kila asubuhi. Na unifungulie mdomo niingie nikague."

Pembeni alikuwepo Kabula, dada wa mumewe, akimenya mihogo. Kabula hakuinua macho. "Wifi, mama yetu alilinda kihenge hiki misimu tisa kwa majivu na udongo. Hakulipa hata ganda la yai."

"Panya wa mama yenu walikuwa wa hapa hapa," Nguchiro akasema kwa upole. "Wa leo wamesafiri."

"Na wewe, ikiwa kazi yako ni kuzuia watu wasiingie, mbona unaanza kwa kutaka kuingia?"

"Shangazi, mlinzi anayekaa nje analinda ukuta. Halindi mbegu."

Nyamizi akamsikiliza Kabula, akaona kweli. Akamsikiliza Nguchiro, akaona kweli. Kweli mbili zikamkalia kichwani kama kuku wawili kwenye kiota kimoja. Mwisho akawaza hivi: nisipomlipa na panya wakaja, nyumba thelathini zitasema niliambiwa. Akachukua jiwe, akavunja udongo, kiganja chake kikaanguka vipande vipande.

"Kwa kuwa umeshavunja," Kabula akasema, "nichotee vibuyu vitatu nikavitundike juu ya moshi jikoni."

"Wifi, mbegu za moshi zinanuka. Watu watakucheka."

"Wanicheke."

Akachotewa vitatu, na kweli wakamcheka.

Basi Nguchiro akawa anaingia kila asubuhi na kutoka kila asubuhi, na akitoka anaimba:

*Nimemwona, nimemfukuza,*
*nisingekuwepo mngelia.*

Anaweka mkia mmoja mlangoni, anachukua yai moja, anaondoka. Nyamizi anakanda udongo upya, anapiga kiganja upya. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Viganja vikapandana shingoni mwa kihenge mpaka alama haikujulikana ni ya mkono upi.

Mwezi ulipokwisha, Nguchiro akaja na mikia miwili. "Mama, wamezidi. Kwa yai moja namwona panya mkubwa tu. Mdogo namwona kwa mayai mawili."

"Kwa hiyo wadogo wamekuwa wakiingia?"

"Sijui. Sikulipwa kuwaona."

Akapewa mawili. Akaimba: nimemwona, nimemfukuza, nisingekuwepo mngelia.

Kabula akaokota mkia mmoja, akaugeuza. "Nguchiro, kichwa cha huyu kiko wapi?"

"Nimekila."

"Na kiwiliwili?"

"Nimekila."

"Na huu mkia?"

"Huo ni ushahidi, shangazi. Ushahidi hauliwi."

Nyamizi akacheka, halafu akautazama ule mkia tena. Akaenda jikoni kwa Kabula, akakaa chini ya vile vibuyu vya moshi. "Wifi, kichwa kinaniuma. Panya sijawaona hata siku moja. Je, siwaoni kwa sababu Nguchiro yupo, au siwaoni kwa sababu hawapo?"

"Mwachishe kazi siku tatu, utajua."

Akamwachisha. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, mchana wa jua kali, nyuma ya kihenge: kwaru, kwaru, kwaru. Nyamizi akakimbia kuzunguka. Hakuna mtu. Palikuwa na jani kavu la mgomba linaburuzwa na upepo, na kwenye vumbi palikuwa na alama za kucha. Kucha za panya? Kucha za Nguchiro? Kucha za kuku wake mwenyewe? Akainama akatazama mpaka mgongo ukamuuma, asijue.

Akamwita Nguchiro. Nguchiro akaja taratibu, kama aliyekuwa karibu. "Kurudi ni kuku mzima," akasema.

Akapewa kuku. Nimemwona, nimemfukuza, nisingekuwepo mngelia.

Ninyi mnanong'ona nini huko nyuma? Mnasema mngemfukuza. Hata mimi nilisema hivyo nilipoisikia mara ya kwanza. Mara ya pili nikasema ningembakiza. Subirini.

Mawingu yakaja, mvua ya kwanza ikapiga. Nyumba thelathini zikatoka na makapu. Mzee mmoja wa nyumba ya mwisho, jina lake Lugendo, akatazama shingo ya kihenge, akauliza, "Nyamizi, mbona viganja ni vingi?"

"Vyote ni vyangu, baba."

"Desturi ni kimoja."

"Palikuwa na ulinzi, baba."

Hakuna aliyeimba. Wakavunja mdomo. Nyamizi akaingiza mkono, akaleta juu mtama. Ulikuwa mwepesi. Akaufinya, ukawa unga, na katikati ya unga vijidudu vyeusi vikawa vinatembea bila haraka, kama wenyeji. Fukusi. Akachota katikati: fukusi. Akachota chini: fukusi na majivu yaliyolowa ukungu. Ule mdomo uliofunguliwa kila asubuhi na umande wake ulikuwa umewakaribisha.

Mama mmoja akaketi palepale matopeni na kapu lake tupu.

"Nguchiro!" Lugendo akaita.

Nguchiro akaja, kifua mbele. "Nipo."

"Tazama."

Akatazama. "Kuna panya?"

Watu wakatafuta. Hapakuwa na panya. Hapakuwa na kinyesi cha panya wala unyoya wa panya wala fito iliyotafunwa.

"Niliajiriwa kwa panya," Nguchiro akasema. "Fukusi wana bei yake, na mama hakuniuliza."

"Lakini wameingilia mlango tuliokufungulia wewe," Nyamizi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mlango uliufungua kwa jiwe lako, mama."

Wengine wakasema auawe. Wengine wakasema, kwani amesema uongo gani? Wakaanza kubishana kwenye mvua, na kila aliyesema alionekana ana haki mpaka mwenzake aliposema. Nyamizi hakubishana. Alikuwa amejipaka unga wa mbegu mpaka viwikoni, anawaza kesho atasimama njiani kuzitazama nyumba thelathini zikibeba mikeka yao.

Ndipo Kabula akaja na vibuyu vyake vitatu, vyeusi kwa masizi. Akamimina kwenye ungo. Mtama ukalia juu ya ungo kama mvua nyingine, mzima, mgumu, unanuka moshi. Kila nyumba ikapata vikonzi viwili. Hakuna aliyecheka.

"Nazo hizo zilitoka wapi?" Nguchiro akauliza, naye alikuwa ameshafika mbali, kwenye ukingo wa shamba. "Nisingeomba kuingia, kihenge kisingefunguliwa. Kisingefunguliwa, shangazi asingechota."

Kabula akakung'uta ungo, masizi yakaanguka chini.

Wakapanda kidogo, wakala mihogo, wakala mchicha pori, wakalinda kila shina kama mtoto mgonjwa. Mtama ukakubali. Siku ya kuvuna, Nyamizi akafunua mganda, akakuta chini yake Panya mzee, tena hana mkia.

"Usikimbie," akamwambia. "Nakuuliza neno moja. Msimu uliopita, ulimwogopa Nguchiro, au uliogopa udongo wangu?"

Panya akafikiri. "Mama, mimi sikufika kwako. Ng'ambo ya kijito kuna mtu aliacha kihenge wazi. Tulikuwa huko sote."

"Na mkia wako?"

"Nguchiro aliukata hapa shambani. Ni kazi yake, anaijua."

"Kwa hiyo hakunilinda."

"Sijasema hivyo."

"Kwa hiyo alinilinda."

"Hilo nalo sijasema."

"Basi asingekuwepo, ungekuja?"

Panya akajikuna pale mkia ulipokuwa. "Panya huenda panapokuwa rahisi, mama. Kwako palikuwa rahisi au pagumu, ningejuaje? Sikufika." Akaingia kwenye majani.

Nyamizi akachanganya mbegu mpya na majivu. Akatenga vibuyu vitatu, akavitundika mwenyewe juu ya moshi wa Kabula. Akaziba mdomo, akapiga kiganja kimoja, akaapa moyoni kwamba hata mfalme akija hatauvunja. Akafurahi. Usiku akalala.

Asubuhi akaamka na ule ukimya. Akatoka. Kuku alikuwa ametaga, yai lipo. Na nje, mbali kidogo na ukuta, Nguchiro ameketi.

"Ndani huingii," Nyamizi akamwambia.

"Sijaomba."

"Na mkia sitaki. Nataka panya mzima, mwenye kichwa."

"Ukipata panya mzima mwenye kichwa, maana yake amefika. Nikifanya kazi vizuri, hafiki. Utanilipa kwa lipi?"

Nyamizi akasimama na yai kiganjani. Akatazama udongo. Akatazama moshi jikoni kwa wifi yake. Akatazama ng'ambo ya kijito, kwenye kihenge cha yule asiyefunika, ambacho msimu huu, alisikia, kimepata kifuniko.

Akainama, akaliweka yai chini, katikati yake na Nguchiro. Hakulisukuma mbele wala hakulirudisha nyuma.

"Nimemwona," Nguchiro akaanza polepole, "nimemfukuza, nisingekuwepo mngelia."

"Huenda," akasema Nyamizi.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni, na yai bado lina joto. Atakayejua lilikuwa la nani aje aniamshe.