Msusi na Vidonge vya Mdogo Wake

Wapendwa, palikuwa na msusi mmoja, dada mchangamfu kwelikweli. Mtu alifika pale saluni amefura kwa hasira, akatoka kichwa kimesukwa na mbavu zinamuuma kwa kucheka. Aliishi na mdogo wake aliyekuwa na sonona, ule ugonjwa unaomfanya mtu ashindwe hata kuinuka akaoge. Hospitali walimwandikia vidonge, navyo vikamsaidia. Akaanza kula, akaanza kufua nguo zake mwenyewe.

Sasa posa ya msusi ikavunjika. Huo si ugonjwa kama wa mdogo wake. Hiyo ni huzuni, na nani hapa hajaipata? Lakini alipokaa kimya siku mbili tu, wateja wakaja juu.

"Shoga, mbona umenuna? Sisi tumekuja kusukwa tucheke!"

Akawaza: kama vidonge vile vimemwinua aliyelala, mimi ninayetembea si nitaruka? Akawa anachomoa kimoja kila asubuhi kwenye bahasha ya mdogo wake. Mnadhani furaha ilikuja? Kilikuja kichefuchefu na kukosa usingizi. Huzuni ilibaki palepale, naye akazidi kuwachekesha watu.

Dawa ya mdogo mtu ikaisha wiki mbili kabla ya siku ya kliniki. Yule binti akadhani ni yeye aliyekosea kumeza, akaona aibu, akanyamaza. Haukupita muda akarudi kitandani, uso ukutani, chakula hataki. Msusi akaogopa sana. Akapiga magoti.

"Mdogo wangu, nisamehe. Dawa zako nilikuwa nachukua mimi. Nilitaka nichangamke kidogo tu."

"Dada, kwa nini hukuniambia una huzuni?"

"Ningekuambiaje? Humu ndani mwenye ruhusa ya kuhuzunika ni wewe peke yako."

Mgonjwa akajisogeza, akaacha nafasi kitandani. "Njoo ulie hapa," akasema. "Tukimaliza tunaenda wote kwa daktari."

Asitoke mtu hapa akasema mchungaji amekataza dawa! Aliyeandikiwa ameze, na mwenye huzuni isiyoondoka aende apimwe. Kuchukua dawa ya mgonjwa ni kosa, na msusi mwenyewe alikiri. Lakini mimi roho inaniuma kwa ajili yake. Ninaowatafuta ni wale wateja. Wako wapi?

Wapendwa, ni sisi. Kila nyumba, kila ofisi, tumemchagua mtu mmoja wa kutuchangamsha, na siku akinyamaza tunamuuliza kicheko chetu kiko wapi. Hatumuulizi amepatwa na nini. Halafu tunashangaa kwamba amekwenda kutafuta uso wa kutuonyesha kwenye bahasha ya dawa za mwenzake.

Mama wa kwaya, nakuona hapo nyuma, umetabasamu tangu nilipoanza. Mwaka wa tisa huu tuko pamoja, na sijawahi kukuuliza kama huwa unalia. Nisamehe. Ibada ikiisha, usiondoke.