Neno Ambalo Mpishi Alilinyamazia

Hii nililetewa na mtu, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu, hasa kama kuna mtu anayejifunza kutoka kwako.

Mjini Songea palikuwa na mwalimu mstaafu wa Kiingereza, Mwalimu Haule. Mwenye nyumba moja ya wageni alimwomba awafundishe wapishi wake watano, maana wageni wa ng'ambo walikuwa wameanza kuongezeka. Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, walikaa kwenye meza ya jikoni, na Mwalimu akafundisha kwa kile kilichokuwepo. Ndizi moja hutanguliwa na "a". Yai hutanguliwa na "an". Wali ambao tayari upo mezani, ule ule tunaouongelea, ni "the".

Miongoni mwao alikuwemo Mama Skola, mjane wa makamo, mpishi hodari kuliko wote. Majina ya vyakula aliyashika upesi. Vile vineno vidogo vya mbele ndivyo vilivyomtoa jasho.

Siku moja alisema "a egg". Mwalimu Haule alimsimamisha, akamshikisha yai mkononi, akamtaka arudie mara kumi. Kila alipoteleza wenzake walicheka, na Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akacheka nao. Aliamini kicheko hukaza somo. Hakumtazama yule mama usoni.

Tangu siku hiyo Mama Skola hakutamka tena Kiingereza mbele ya mtu. Mwalimu aliuona ukimya ule, akaudhania utulivu.

Miezi miwili baadaye alifika mgeni, binti aitwaye Marit, aliyekuja kupima visima vya maji vijijini. Mwili wake haukupatana na karanga hata chembe, zingeweza kumuua. Alimweleza meneja siku ya kwanza, lakini meneja akaitwa msibani, akaondoka bila kuwaambia wapishi.

Mchana mmoja Marit aliingia jikoni akakuta sufuria ya mchicha uliotiwa karanga za kusaga. Mama Skola alikuwa peke yake. Kwa Kiingereza cha polepole mgeni akauliza kilichomo. Ni majani? Mama Skola akaitikia kwa kichwa. Na kitunguu? Akaitikia. Kuna nini tena? Mama Skola akafungua kinywa, akakifunga, akatabasamu kwa haya. Mgeni, akiamini wapishi walikwisha kuambiwa habari ya karanga, akadhani hakuna zaidi. Akashukuru, akapakua, akala.

Hakufika hospitali akiwa hai.

Mwalimu Haule alipopata habari alikwenda nyumbani kwa Mama Skola. Njia nzima alijilaumu kwamba huenda hakuwahi kuwafundisha neno la karanga. Alimkuta ameketi mkekani uani, macho yamevimba. Akampa pole, ndipo akauliza.

"Mama Skola, neno lenyewe hukulijua?"

"Nililijua, Mwalimu. Nilikosa cha kutanguliza. Nikawaza, ni 'a', ni 'an', au ni 'the'? Nikaona heri ninyamaze kuliko kukosea tena. Sikujua kama zinamdhuru."

Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Hebu niambie sasa," akasema yule mama. "Ilikuwa ipi?"

Mwalimu alitamani kumdanganya. Hakuweza.

"Hakuna, mama. Karanga zikiwa nyingi, neno lake husimama lenyewe. Halitaki kitu mbele yake."

Mama Skola alijifunika uso kwa kanga, akalia kilio cha chini chini, cha mtu aliyekwisha kulia sana. Mwalimu alimwomba msamaha, na maneno yake mwenyewe akayasikia mepesi kama makapi.

"Usijibebeshe mzigo huu," alimwambia. "Mdomo wako niliufunga mimi."

Kesho yake alisimama mbele ya wale wapishi wanne akawaeleza yote, bila kukificha kicheko chake. Nao walitazama chini, kwa kuwa nao walikuwa wamecheka.

Mama Skola hakurudi jikoni pale. Alihamia kwa kaka yake Namtumbo. Huko huitwa kupika kwenye harusi na misiba, lakini mchicha wa karanga hajaupika tena.

Funzo: Anayejifunza akikosea, mrekebishe, usimwaibishe. Kosa lililotamkwa husahihishika. Lakini mtu uliyemtia hofu hunyamaza hata pale ambapo neno lake lingeokoa uhai.